Mdomo wa ziwa uko Kalemie: barua ya wazi kwa Bunge la Jimbo la Tanganyika

Kwa Waheshimiwa Wabunge wa Jimbo la Tanganyika
Nakala: Mheshimiwa Gavana wa Jimbo, Rekta wa Chuo Kikuu cha Kalemie

Waheshimiwa,

Kikao cha Septemba ni cha bajeti, na najua mezani kwenu yamerundikana maombi ya daraja, ya kisima, ya mabati ya shule na ya mafuta ya jenereta ya hospitali. Langu ni dogo kuliko hayo, na pengine ndiyo maana ni rahisi kulipita. Naomba jimbo litenge fedha za kuwasomesha wanasheria wetu wachache, ambao lisansi wanayo tayari, masta ya sheria ya kimataifa na sheria linganishi kwa njia ya intaneti. Wasome wakiwa hapa hapa, kila mmoja akiendelea na kazi yake: huyu wakili, yule karani wa mahakama, mwingine mtumishi wa ofisi ya mazingira au ya madini. Hilo la kukaa hapa hapa ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kama ni burse za kwenda Ulaya nisingewasumbua: nimeshawaona waliokwenda, na nimeshawangoja warudi.

Niseme mapema nilivyo, msije mkanidhania vingine. Mimi ni wakili wa mji huu, na masta ya aina hiyo naimalizia sasa, kwa fedha yangu, usiku usiku. Ombi hili haliniingizii faranga mfukoni.

Mtu akisikia sheria ya kimataifa huwaza suti, bendera na lile jengo la The Hague. Njooni kwanza tusimame kwenye daraja la Lukuga. Ziwa Tanganyika linapokea mito mingi, ya Burundi, ya Tanzania, ya Zambia na ya kwetu. Unaotoka ni mmoja tu, nao unatokea hapa mjini, ukapita Nyunzu mpaka kuingia Lualaba. Nchi 4 zinachota mtungi mmoja, na mdomo wa mtungi tumeukalia sisi. Mwaka 2021 ziwa lilipopanda, maji yaliingia majumbani Kalemie, Uvira na Bujumbura. Mwaka 2024 yakarudia. Lakini miaka michache tu kabla ya hapo kilio kilikuwa kinyume: ziwa linashuka, meli zinapata taabu kufunga gati Kigoma, na Tanzania ikawa inazungumza na Kongo habari ya kukijenga upya kizuizi cha zamani cha Lukuga ili maji yasikimbie. Kwa hiyo yupo jirani anayetaka mto ufunguliwe, na yupo ambaye ukame ukirudi atataka uzibwe. Wote wawili watakuja na hoja nzito. Mkulima wa Nyunzu, anayekaa chini ya mkondo, ana hoja yake pia, ila huyo hajaulizwa na mtu.

Siku hiyo ikifika hawatatosha wahandisi peke yao. Upo Mkataba wa Usimamizi Endelevu wa Ziwa Tanganyika, uliotiwa saini Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003 na nchi zote 4, ukazaa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao yake Bujumbura. Mkataba huo unaitaka nchi iwaarifu wenzake kabla ya kufanya kazi inayoweza kuwadhuru. Nyuma ya mkataba zipo hukumu ambazo mwanafunzi wa masta huzisoma mpaka aziote. Mojawapo ni ya Argentina na Uruguay, ya tarehe 20 Aprili 2010, kuhusu viwanda vya massa ya karatasi kando ya mto unaozitenganisha nchi hizo. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema haikuthibitika kwamba Uruguay imeuchafua mto. Ilichokosa ni utaratibu: ilitoa ruhusa ya ujenzi kabla ya kumwarifu jirani kama walivyokubaliana. Mahakama ikaongeza kwamba, pale ambapo jirani anaweza kuathirika vibaya, kufanya uchunguzi wa athari za mazingira ni wajibu wa sheria ya kimataifa kwa kila nchi, hata kama haukuandikwa kwenye mkataba wao.

Sasa pimeni. Mafuriko yametokea, wananchi wanalia, kiongozi mwenye nia njema anatia saini kibali cha kuchimbua mdomo wa Lukuga ili maji yatoke upesi. Anaweza kuwa ameitia nchi nzima hatiani kabla koleo la kwanza halijagusa mchanga, na kosa lenyewe likawa ni barua ambayo hakuiandika. Hapa jimboni nani angemnong'oneza? Mhandisi hangejua. Wakili wa kawaida, nikiwemo mimi wa miaka iliyopita, naye hangejua. Nilikosomea lisansi, sheria ya kimataifa ilikuwa kitini cha fotokopi ambacho mwalimu mwenyewe alikisoma kwa haraka kwa sababu ndege yake ilikuwa inamngoja.

Na ziwa halina jambo hilo peke yake. Mwaka 2024, kwa makubaliano ya nchi za ziwa, Tanzania ilifunga uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane. Mvuvi wetu anayefuata ndakala usiku kwa taa haoni mstari wowote umechorwa majini. Akikamatwa ng'ambo na wavu wake, Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu uhusiano wa kikonsuli unampa haki: akiomba, konsuli wa nchi yake aarifiwe bila kuchelewa. Sijakutana bado na mvuvi anayeijua haki hiyo. Mawakili wanaoijua, hapa mjini, ni wa kuhesabu kwa vidole.

Sheria linganishi ndiyo inayoonekana anasa kuliko zote. Hata baadhi ya mawakili wenzangu wanacheka: kulinganisha sheria za watu ni kazi ya maprofesa waliokosa wateja. Mimi naona kwa mji wa bandari hakuna somo lililo karibu na soko kuliko hili. Chukueni mfano, wa kubuni lakini wa kila siku. Mfanyabiashara wa Kigoma amemkopesha mwenzake wa Kalemie shehena ya chumvi na sabuni, wameandikiana karatasi moja kwa Kiswahili, wakatia saini mbele ya nahodha. Deni halikulipwa, na mwaka wa tatu unaingia. Huku kwetu, tangu Kongo iingie OHADA, jumuiya ya nchi zenye sheria moja za biashara, mwaka 2012, madai ya mauzo kati ya wafanyabiashara hufa baada ya miaka 2. Kigoma, sheria ya ukomo ya Tanzania inayapa madai ya mkataba miaka 6. Karatasi ni ile ile, nahodha yule yule. Ufukwe mmoja deni limeshazikwa, ufukwe wa pili bado linatembea. Kesi ifunguliwe wapi? Ihukumiwe kwa sheria ya nani? Na mdai akishinda Kigoma, hukumu yake ataitekelezaje kwa mtu ambaye nyumba na duka lake viko Kalemie?

Maswali haya hayajibiwi kwa busara ya kuzaliwa nayo. Sheria ya mikataba ya Tanzania imetokana na ile Waingereza waliyoiandikia India mwaka 1872, na ndani yake ahadi isiyo na kitu cha kubadilishana, kwa kawaida, haimfungi aliyeitoa. Sisi tunatumia amri ya tarehe 30 Julai 1888, tuliyoirithi kwa Wabelgiji, ambayo haiulizi swali hilo kabisa. Ina maswali yake mengine. Mwaka 2022 Kongo ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye mahakama yake Arusha, ambako wenzetu wengi wanafikiri kwa Kiingereza na kwa sheria ya Kiingereza. Wakili aliyelelewa kwa sheria ya Kibelgiji na Kifaransa peke yake huingia humo akipapasa ukuta. Ipo heri moja, lakini: tangu mwaka 2021 Tanzania imekifanya Kiswahili lugha ya sheria na ya mahakama, kwa hiyo polepole tutakuwa tunazisoma hukumu za ng'ambo bila mkalimani. Sharti ni kwamba mawakili wetu waache kuona aibu kukitumia Kiswahili mahali pengine zaidi ya sokoni.

Niruhusuni nichepuke kidogo, kwa kuwa hadithi hii naipenda. Tarehe 15 Machi 1921 Uingereza na Ubelgiji zilikubaliana London kwamba Wabelgiji wapewe sehemu zao katika bandari za Kigoma na Dar es Salaam, wazishike milele kwa kodi ya faranga 1 kwa mwaka, ili mizigo ya Kongo ipite bila kusumbuliwa. Mizigo hiyo ilishukia hapa, mji ukiitwa Albertville, ikapanda treni ya kwenda Kabalo. Sehemu hizo ziliitwa Belbase. Nchi ya Tanganyika, ile ya ng'ambo, ilipokaribia uhuru mwaka 1961, Nyerere aliwaambia wabunge wake kwamba mapatano yale hayatawafunga. Uingereza ilikuwa mlezi tu wa nchi ile kwa niaba ya mataifa, na mlezi hawezi kugawa milele kitu alichokabidhiwa kwa muda. Kisha akauandikia Umoja wa Mataifa kwamba mikataba ya nchi mbili mbili iliyoachwa na Waingereza itaendelea kwa miaka 2 tu wakati inachunguzwa, na ile ambayo haitafanyiwa upya itahesabika imekwisha. Msimamo huo wanasheria wa dunia nzima wanauita Kanuni ya Nyerere. Mimi nilifundishwa kanuni hiyo na mwalimu aliyekuwa bara lingine, kwenye kioo cha kompyuta, katika somo la nchi mpya kurithi mikataba ya wakoloni. Darasa zima, nadhani, mimi peke yangu ndiye niliyewahi kuteremka kwenye gati la Kigoma na mzigo mabegani. Nilipoeleza mizigo ya Kongo inavyopita pale leo, mjadala uligeuka, na mwalimu akaniomba niandike. Mtu aliyeko Kalemie hana haja ya kujifanya mgeni wa somo hili. Mafaili yake anayaona dirishani.

Kuhusu Manono sitarefusha, maana hakuna kati yenu asiyeijua. Lithiamu yake ni miongoni mwa hazina kubwa duniani, na imeshafika kwa wasuluhishi: kampuni ya Australia ya AVZ Minerals iliifungulia Kongo shauri mwaka 2023 kwenye kituo cha usuluhishi cha ICSID, Washington, na mivutano mingine ya mradi huo huo, inayoigusa kampuni ya serikali ya Cominière, ikaenda Paris kwenye Chemba ya Kimataifa ya Biashara. Sisemi nani ana haki. Nasema kwamba kwa Kanuni ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018, asilimia 25 ya mrabaha ni ya jimbo, na asilimia 15 ni ya mji au sekta yanakochimbwa madini. Kila mwaka ambao wakubwa wanabishana ng'ambo ya bahari ni mwaka wa bajeti yenu pia. Katika vyumba vya usuluhishi huo jimbo halina kiti, na sidhani litapewa. Lingekuwa na watu wanaoyasoma mafaili, walau lingejua la kumuuliza waziri anapotua hapa uwanjani.

Limebaki la vita, na hapa naomba mnivumilie.

Tangu mwaka 1998 mji huu ulikuwa mikononi mwa waasi wa RCD na jeshi la Rwanda lililowaunga mkono. Wengi wenu mlikuwepo. Kongo ilipeleka mashtaka dhidi ya Rwanda The Hague, na tarehe 3 Februari 2006 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikajibu kwamba haina mamlaka ya kuyasikiliza. Haikusema kwamba hakuna kilichotendeka. Ilisema Rwanda haikuwa imekubali kuhukumiwa nayo, na mikataba yote ambayo Kongo iliitaja haikuufungua mlango. Nimekutana hapa mjini na watu wazima, wasomi, wanaoamini kwamba Rwanda ilishinda kesi ile kwa kuonekana haina hatia. Miaka karibu 20 imepita na hakuna aliyewaeleza tofauti.

Kesi dhidi ya Uganda ndiyo iliyofika mwisho. Hukumu ya tarehe 19 Desemba 2005 iliiona Uganda ina hatia. Fidia ilingoja mpaka tarehe 9 Februari 2022. Kongo ilidai zaidi ya dola bilioni 11. Ilipewa milioni 325, yaani 225 kwa madhara ya watu, 40 kwa mali na 60 kwa maliasili. Kwa nini pengo kubwa hivyo? Isomeni hukumu, ipo bure kwa Kifaransa. Kongo ilidai vifo vya raia 180,000. Majaji walisema ushahidi uliopo unaonyesha kwamba vifo ambavyo Uganda inawajibika kuvilipia viko kati ya 10,000 na 15,000. Fomu za waathirika zilizopelekwa, nyingi hazikuwa na hati ya kuzithibitisha: hakuna cheti cha kifo, hakuna karatasi ya hospitali, mahali pengine hata tarehe haikueleweka. Watu walikufa kweli, ila jinsi walivyokufa haikuandikwa kwa namna inayoweza kusimama mbele ya jaji. Niliposoma kurasa hizo nilifunga kompyuta nikatoka nje.

Tarehe 26 Juni 2025 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, iliyoko Arusha, ilisema inayo mamlaka ya kusikiliza kesi ya Kongo dhidi ya Rwanda. Hiyo ni ya vita vya sasa vya Kivu, si ya vita vyetu vya 1998. Lakini imeonyesha kwamba mlango uliofungwa The Hague unaweza kufunguliwa mahali pengine, na kila mlango utataka hati zile zile. Fikirini basi ya kwetu ya karibuni: mapigano ya Watwa na Waluba, vijiji vya Nyunzu na Manono vilivyochomwa, kambi zilizouzunguka mji huu. Mashirika yalikuja, yakaandika ripoti zake, yakaondoka nazo. Orodha iliyobaki mikononi mwetu iko wapi? Nani anaijua tofauti ya ushuhuda wa kuliza watu na ushuhuda wa kushinda kesi? Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 215, inaiweka mikataba iliyotangazwa rasmi juu ya sheria za kawaida, na kifungu cha 153 kinaziamuru mahakama ziitumie. Silaha tumepewa, na sandukuni imekaa.

Nije kwenye masomo yenyewe, maana najua neno intaneti limeshawatia shaka baadhi yenu. Kusoma sheria kwa mbali si jambo la juzi. Chuo Kikuu cha London kilianza kuwapa shahada wanafunzi wa mbali mwaka 1858. UNISA ya Afrika Kusini inafundisha kwa njia hiyo tangu mwaka 1946, na shahada yake ya sheria Mandela aliipata mwaka 1989 akiwa bado mfungwa. Hapo ng'ambo, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kipo tangu mwaka 1992. Kwa hiyo anayesema masomo ya mbali si masomo, agombane kwanza na hao. Isitoshe, sisi wa Kalemie tumezoea elimu inayosafiri: profesa anatua kwa ndege kutoka Lubumbashi, anamaliza somo la saa 45 kwa siku chache, anaacha mtihani, anaruka. Tofauti ni kwamba mwalimu wa intaneti ukimwandikia Jumanne, Alhamisi amejibu.

Sitawapaka asali. Usiku mega ni nafuu, kwa hiyo mtu hulala saa mbili, akaamka saa nane kupakua masomo ya juma zima. Video huachwa, hupakuliwa sauti tupu, nayo husikilizwa kwenye pikipiki ukienda mahakamani. Umeme wa kituo cha Bendera ukikatika katikati ya mtihani unaosimamiwa kwa kamera, unabaki na moto wa simu na sala. Programu nyingi ni za Kiingereza, na sisi tumesomea Kifaransa. Mwaka wa kwanza nilikuwa nasoma kila ukurasa mara mbili, mara ya kwanza kwa kamusi na ya pili kwa akili. Upweke nao si mdogo: hukumu ngumu inataka mtu wa kubishana naye, na mke wangu amechoka kuwa huyo mtu. Lakini vitabu, ambavyo zamani ndivyo vingetushinda, leo vimesogea. Hukumu zote za The Hague zinapatikana bure kwa Kifaransa na Kiingereza, na Umoja wa Mataifa una maktaba ya mihadhara ya sheria ya kimataifa isiyodai hata senti.

Kilicho na hatari ni kingine. Intaneti imejaa vyuo hewa vinavyouza diploma kama mitumba, na ninyi mkitoa fedha za umma bila sharti, vitaletwa hapa vikaratasi vyenye mihuri ya dhahabu. Kwa hiyo jimbo lisilipie chuo ambacho hakitambuliwi na serikali ya nchi yake, wala programu isiyo na mitihani ya kusimamiwa na kazi ya utafiti mwishoni. Kabla mtu hajalipiwa ada ya masomo, Wizara ya Elimu ya Juu iulizwe kwa maandishi kama diploma hiyo itapewa usawa wake hapa nchini, na jibu liwekwe kwenye faili. Nisingependa kuona kijana amesoma miaka miwili halafu anaanza kuzunguka maofisi ya Kinshasa na bahasha.

Idadi ninayoipendekeza ni watu 6, mmoja kwa kila teritori: Kalemie, Moba, Manono, Kabalo, Kongolo na Nyunzu. Ndiyo, najua mnachowaza, na mimi nakiwaza pia: kila mheshimiwa ana mpwa. Ndiyo maana mtihani wa kuwachagua usitungwe hapa. Utungwe na kitivo cha sheria cha chuo kingine, majina yafunikwe, na matokeo yabandikwe ukutani. Atakayechaguliwa atie saini kulitumikia jimbo miaka 4 baada ya masta, au arudishe fedha. Utafiti wake wa mwisho uwe juu ya jambo la hapa: Lukuga, mvuvi aliyekamatwa ng'ambo, deni la Kigoma, mrabaha wa Manono, orodha za waathirika. Nakala ikabidhiwe kwenu na nyingine Chuo Kikuu cha Kalemie, kwa Kifaransa, na muhtasari kwa Kiswahili ambao mjumbe wa kamati ya mazingira anaweza kuusoma asubuhi kabla ya kikao.

Chumba nacho kinahitajika. Si jengo, chumba. Chuo Kikuu kikitoa nafasi, jimbo liweke sola, betri, meza kadhaa na intaneti ya setilaiti, kwa kuwa Starlink imepewa kibali nchini tangu mwaka 2025. Watu 6 wakikaa pamoja jioni mbili kwa juma, ule upweke niliousema unakwisha, na wanafunzi wa lisansi watakaoketi nyuma kusikiliza watakuwa wamepata kitu ambacho sisi hatukukipata. Watakaobaki bila kulipiwa na wakataka kujisomea wenyewe, wasifungiwe mlango.

Kuna atakayesema serikali ya Kinshasa ndiyo yenye mambo ya nje, jimbo linajitia wapi? Ni kweli, jimbo halitii saini mikataba. Lakini mafuriko hayakwenda Kinshasa, na wakimbizi wa ndani hawakupiga hema mtaani Gombe, huko huko. Wizara ikija kuandaa msimamo wa nchi kuhusu ziwa, itauliza takwimu, historia na hoja za watu wa hapa, na mwenye kuziandaa vizuri ndiye atakayesikilizwa. Jimbo lisipokuwa na mtu, msimamo utaandikwa na mshauri aliyekaa hotelini kwetu siku tatu.

Rasimu ya kifungu cha bajeti pamoja na makisio ya gharama nimeyaacha kwa katibu wa Bunge. Mkiona 6 ni wengi kwa mwaka wa kwanza, anzeni na 3. Kitu kimoja tu ningewaomba msikicheleweshe: vyuo hufunga kujiandikisha mapema, na mtihani wa kuwachagua wanafunzi unahitaji walau miezi miwili ya maandalizi. Kifungu kikipita kabla ya mwisho wa kikao hiki, watu wa kwanza wanaweza kuingia awamu inayoanza mwanzoni mwa mwaka. Kamati ya fedha ikitaka kunihoji, nipo mjini, na hukumu zote nilizozitaja nitakuja nazo zimechapwa.

Kwa heshima,
Wakili wa Kalemie